Taa ipo juu ya zebra kabisa lakini madereva bado hawaoni watu, tunakosea wapi?

dada_wa_moshi:

Habari zenu wakuu, naomba nieleze kidogo halafu mnisaidie maana hapa mtaani tumeumiza kichwa mpaka basi.

Nipo Moshi, sio katikati ya mji, ni ile sehemu barabara ya lami inaanza kupanda kwenda vijijini. Upande mmoja kuna shule ya msingi, upande wa pili kuna kisoko cha jioni, wamama wanashusha ndizi, maparachichi, mboga za majani, basi ikifika saa kumi na mbili pale watu wanavuka utadhani siku ya gulio. Na giza la huku mnalijua, jua likishazama ile saa kumi na mbili na nusu, dakika ishirini tu ni usiku kamili.

Zebra ipo na imechorwa vizuri. Mwaka jana mwezi wa saba jirani yangu, mama anayeuza ndizi mshare, aligongwa na bodaboda katikati ya hiyo hiyo zebra, saa moja na robo usiku, mkungu upo kichwani. Mguu ulivunjika juu ya goti, alilala kitandani miezi minne. Yule kijana wa boda hata hakukimbia, alikaa chini kwenye lami analia, anasema mama sikukuona, nimekuona ushafika kwenye tairi. Mimi ndiye niliyemshikilia kichwa yule mama mpaka bajaji ikaja na mpaka leo nikipita pale moyo unanienda mbio.

Basi mtaa tukachangishana, mwenyekiti akahangaika kibali kikapatikana, tukanunua taa moja ya sola, kwenye boksi imeandikwa wati 300, fundi akasimamisha nguzo pale pale kwenye zebra, taa ikakaa juu ya michoro kabisa. Usiku wa kwanza wamama walipiga vigelegele, lami inang'aa, mistari myeupe unaiona toka mbali.

Sasa wiki iliyopita mume wangu anateremka na gari usiku, amefika nyumbani kakaa kimya, ndo baadae ananiambia leo nusura nimgonge mtoto pale kwenye taa yenu. Anasema zebra niliiona vizuri, mtoto sikumwona. Nikauliza madereva wengine watatu, wote wanasema kitu hicho hicho. Halafu tena taa yenyewe miezi ya baridi hii inazima saa nne usiku.

Tumebakiwa na laki nne na nusu kwenye mfuko. Tununue taa yenye nguvu zaidi tuiweke pale pale, au kuna kitu hatukijui? Naombeni wenye ujuzi, hili jambo linanikosesha usingizi.

fundi_wa_nguzo_chuga:

Pole sana dada, na yule mama mpe pole nyingi kutoka Arusha huku.

Hiyo hela msiiguse kwanza. Nafanya kazi ya taa za barabarani mwaka wa kumi na moja huu na hilo kosa lenu nimelikuta sehemu nyingi sana, hata mimi mwenyewe miaka ya mwanzo nilikuwa nafunga hivyo hivyo kwa sababu akili ya kawaida inakwambia kitu unachotaka kionekane weka taa juu yake. Tatizo sio nguvu ya taa, tatizo ni nguzo iliposimama.

Leo usiku zima taa sebuleni, simamisha mtoto katikati, washa tochi ya simu ishike juu ya utosi wake imulike chini. Angalia uso. Utaona nywele zinang'aa, mabega yanang'aa, sakafu nayo inang'aa, ila macho yamekuwa mashimo mawili na kuanzia kifua kushuka ni giza. Sasa rudi nayo nyuma hatua mbili upande uliosimama wewe, tochi ibaki juu vile vile ila imulike kwenda kwake. Mtoto mzima anatokea, uso, shati, miguu. Betri ni ile ile na tochi ni ile ile.

Dereva ndo wewe uliyesimama pale. Yeye haangalii utosi wa mtu na hata lami siyo anayotafuta, anatafuta mwili uliosimama wima mbele yake. Taa yenu imemulika vizuri sana lami, na ndo maana mumeo anasema zebra niliiona. Ule upande wa mtoto unaotazama gari haukupata mwanga wowote.

Ndo maana kwenye vivuko tunapima mwanga aina mbili, ule unaoangukia chini kwenye lami na ule unaompiga mtu wima. Marekani idara yao ya barabara kuu ilitoa mwongozo 2008 kuhusu zebra ambazo hazipo kwenye makutano, kama hiyo yenu, baada ya utafiti uliofanywa na watu wa Virginia Tech, na walichosema ni kwamba mtu apate luksi 20 za wima (luksi ni kipimo cha mwanga unaofika mahali), unapima mita moja na nusu kutoka chini yaani kama kifuani kwa mtu mzima, na kipimo kinatazama gari linakotoka. Kwa kulinganisha tu, mbalamwezi ya mwezi mpevu haifiki hata nusu luksi. Na mwongozo huo huo unasema taa ikae kabla ya zebra, kama futi kumi, yaani mita tatu, upande gari linakotokea.

Sasa kwetu tunaendesha kushoto. Kwahiyo dereva anayekuja, nguzo iwe mkono wake wa kushoto, aikute nguzo KWANZA halafu zebra, sio vinginevyo. Barabara yenu ina njia mbili, wengine wanapanda wengine wanateremka, kwahiyo mnahitaji nguzo mbili, moja kila upande, zinakuwa zimepishana kimshazari na zebra ipo katikati yao. Mkiweza kuanza na moja tu basi muanze na ya wanaoteremka, hao ndo wana spidi na gari likiwa kwenye mteremko breki inachelewa kushika.

Kuna watu watakwambia mbona mjini taa zipo nyuma ya mtu na bado anaonekana. Ni kweli, anaonekana kama kivuli cheusi kwa sababu nyuma yake kuna lami yenye mwanga, taa zimepangwa mfululizo. Lakini nyie mna taa moja peke yake, nyuma yake ni migomba na giza, mtu mweusi kwa nyuma nyeusi, dereva ataona nini? Na hatari zaidi ni pale mtu na kilichopo nyuma yake vinapokuwa na mwanga sawa sawa, hapo mtu anapotea kabisa machoni hata kama taa ni kali namna gani. Hili watu hawaliamini mpaka waone.

Kitu cha mwisho kwa leo maana naingia kazini. Mkija kununua taa maalum za vivuko muulize muuzaji kama ni za nchi wanazoendesha kushoto au kulia. Zile lenzi zake zinarusha mwanga upande mmoja, mbele kuelekea zebra. Mizigo mingi inatoka Uchina na Uchina wanaendesha kulia, ukichukua ya kwao ukaifunga kwenye nguzo yetu ya kushoto inamwaga mwanga kinyume, unarudi kwenye macho ya dereva na zebra inabaki giza. Nimeshaitwa kubomoa kazi ya namna hiyo, taa nne mpya kabisa, inauma.

jua_la_usa_river:

Fundi kamaliza, mi nagusa hiyo wati 300 tu maana hapo dada mmeuziwa maandishi.

Chukua futi kamba upime ile paneli. Paneli nzuri ya siku hizi, mita moja ya mraba inatoa kama wati 200 jua likiwa kali kabisa. Ya kwenu najua ni ile iliyojishika na taa juu, tuseme ina sentimita 50 kwa 35. Hiyo ni wati 35 hivi. Huku kwetu siku nzuri unapata jua la uhakika kama masaa matano ukijumlisha, 35 mara 5 ni 175, toa upotevu wa kwenye betri na vingine inabaki kama 120. Usiku una masaa 12. Gawanya. Ni wati 10, hiyo ndo taa yenu halisi ikitakiwa ikeshe mpaka asubuhi, hiyo 300 haitoki popote.

Na huo ni mwezi wa pili jua linawaka. Mwezi wa sita na wa saba mlima umefunikwa na mawingu toka asubuhi mpaka jioni, mnapata nusu au chini ya nusu, ndo maana inazima saa nne. Taa sio mbovu, ina njaa.

Ushauri wangu, kama nguzo ya umeme ipo karibu tumieni umeme, kwenye kivuko mimi sola huwa naipa nafasi ya pili. Kama hamna namna, tafuteni taa ambayo paneli imetengana na taa, paneli kubwa inakaa juu ya nguzo inatazama kaskazini na imelala kidogo kama nyuzi 10 hadi 15, mvua iweze kuisafisha. Tupo kusini ya mstari wa ikweta kidogo, mwezi wa sita jua linapita kaskazini. Na betri ulizia lithiamu, hizi za asidi zikishuka shuka kila siku zinakufa mapema. Halafu muiseti iwe kali kuanzia saa kumi na mbili na robo jioni mpaka saa nne, masaa watu wanavuka kweli, baada ya hapo ipungue mpaka saa kumi alfajiri wanafunzi na wauza maziwa wakianza kutoka ipande tena.

Na mmoja wenu awe na zamu ya kufuta paneli, kiangazi vumbi la huko linakaa kama unga.

mzee_wa_kosta:

Mimi naendesha kosta Moshi Arusha miaka ishirini sasa, acheni niseme ya upande wa kwenye usukani.

Kwanza dada mumeo ni muungwana, wengi tunanyamaza. Na mimi yalinikuta, kuna mzee alikuwa amevaa koti jeusi kashika baiskeli, nilimpita kama sentimita thelathini, abiria walidhani nimekwepa shimo. Sikulala siku hiyo.

Mnisikilize kuhusu spidi maana watu wa taa wanaisahau. Kwenye makazi sheria inasema 50. Kwa 50 gari linakula karibu mita 14 kila sekunde. Dereva mzima, hajachoka, toka aone kitu mpaka mguu ufike kwenye breki ni kama sekunde moja na nusu, kwahiyo mita 21 zimeenda hujagusa breki bado, halafu ndo gari lianze kusimama. Sasa huyo anayeteremka na 80 je? Hapo mita 33 zimekwisha kabla ya breki. Ndo maana hata mfunge taa nzuri kama ya uwanja wa mpira, bila matuta au hata rasta, yaani vile vituta vidogo vya mfululizo vinavyotikisa gari, kabla ya zebra bado mtazika watu.

Pili, hao wenye vibanda. Kuna mtu kafunga balbu nyeupe kali mbele ya kibanda chake imeelekea barabarani, ukija usiku hiyo ndo unaiona, kila kitu jirani yake kinakuwa cheusi, na mvua ikinyesha ndo balaa maana lami yote inakuwa kioo. Mwende mkaongee nao kwa upole wageuze zile balbu zitazame ndani kwenye bidhaa zao, hata wateja wataona vizuri. Haigharimu kitu.

Tatu, sisi wenyewe. Hiace inasimama inapakia pale pale mguuni mwa zebra, mtoto anatokea mbele ya bonet ndo anaingia barabarani. Taa haipenyi bodi la gari. Ombeni kituo kisogezwe mbele BAADA ya zebra, abiria akishuka avukie nyuma ya gari, hapo anaonekana. Na boda zinazoegesha pale nazo zihame.

Na mnaosema wamama wavae nguo za kung'aa, mama ametoka shamba na kitenge chake na mzigo kichwani, anunue jaketi la kung'aa kwa hela gani? Barabara ndo imfuate yeye.

luksi_na_lami:

Mzee wa kosta umesema kweli tupu hapo mwisho.

Naongeza rangi tu. Zebra ikichorwa kwa rangi ya kawaida ya maji mvua mbili imekwisha, ile nzuri ni ya kuyeyushwa kwa moto na juu yake zinamwagwa shanga ndogo ndogo za kioo, hizo ndo zinarudisha mwanga wa gari kwa dereva. Ukipita na kidole utazisikia zinakwaruza kama sukari. Ukiona hazipo ujue usiku mistari inategemea taa peke yake.

Na historia kidogo kwa wanaopenda, Uingereza walianza na nguzo zenye mpira wa njano juu mwaka 1934, ile michoro ya pundamilia yenyewe ikaja rasmi 1951. Yaani kumwonyesha dereva kwamba hapa kuna kivuko walikuwa wanafanya muda mrefu. Kumwonyesha mtu aliyepo kwenye kivuko ni kazi nyingine na ndo anayoongelea fundi hapo juu.

dada_wa_moshi:

Jamani asanteni sana, nimesoma yote mara mbili, na ile ya tochi sebuleni nimeifanya na mwanangu wa darasa la pili. Nilipomwona yale macho yamekuwa mashimo nilishtuka, nikasema kumbe ndo anavyoonekana pale barabarani.

Ngojeni niwaambie tulichofanya jana. Mwenyekiti aliwaita vijana wanne wakasimama na tochi juu na chini kuzuia magari, tukachukua taa ya dharura ya dukani tukaifunga juu ya mwanzi mrefu, kijana mmoja akasimama nao pembeni ya barabara hatua tano kabla ya zebra upande wa juu, wanakoteremkia. Ile taa yetu tukaifunika na gunia. Mtu akasimama pembeni kabisa mwa zebra kama anayetaka kuvuka, mume wangu akawa anateremka polepole, akimwona tu anasimama, tunahesabu hatua toka kwenye gari mpaka kwenye zebra.

Kwa taa yetu ya juu, kabla hatujaifunika, hatua 31. Kwa kataa ka dukani kwenye mwanzi, hatua 74. Tulirudia mara tatu maana mwenyekiti alikuwa haamini.

Na aliyesimama pale sio mtoto. Yule mama wa ndizi alisikia kelele akatoka na fimbo yake, akasema nisimame mimi. Tukamkatalia, akasema hapana, mimi ndo nilikuwa hapa, nataka nijue kama sasa naonekana. Akasimama na kitenge chake kile kile cha kahawia. Gari liliposimama mbali kule aligeuka akaniangalia, akauliza ameniona kutoka kule? Nikamwambia ndiyo mama, kutoka kule.

Paneli nimeipima pia, ni 48 kwa 34. Jua la Usa River ulijuaje sijui.

Sasa maswali yangu ni mawili. Kile kibali tulichopata kinatosha kuhamisha nguzo au tunaanza upya? Na nguzo ya umeme ipo kama mita 40 kutoka pale, kwa ile laki nne na nusu tunaweza kweli?

fundi_wa_nguzo_chuga:

Dada umenitoa machozi asubuhi hii, nipo juu ya ngazi nasoma.

Kibali muanze upya, msifanye kienyeji. Nguzo ikihama hata mita tano ni sehemu nyingine ya hifadhi ya barabara, na wao lazima waangalie isikae karibu sana na lami gari likayumba likaigonga, na chini kunaweza kuwa na bomba la maji. Kwanza mjue barabara ni ya nani, kama ni barabara kuu au ya mkoa ni TANROADS, kama ni ya wilaya au mitaa ni TARURA. Andikeni barua kupitia ofisi ya mtaa, na kwenye barua muweke hizo hatua 31 na 74, mchore na kamchoro kadogo kanachoonyesha gari linatoka wapi, nguzo iko wapi, zebra iko wapi. Na humo humo muombe matuta au rasta pande zote mbili na kituo kisogezwe, kama mzee wa kosta alivyosema, msiende mara tatu kwa mambo matatu.

Kwa hiyo hela, umeme wa mita 40 na nguzo mbili hapana, haitoshi, sitaki kukudanganya. Inatosha kung'oa nguzo hii na kuihamishia upande wa wanaoteremka, zege jipya, na kubadilisha kichwa cha taa. Ya wanaopanda mtaichangia baadae, na mpaka hapo mkumbuke kwa anayepanda mtu atabaki kivuli, kwahiyo wale vijana wanaovusha watoto jioni wasimame upande ule.

Mkishahamisha tafuteni kipima mwanga, hata apu ya simu inawapa picha ingawa sio sahihi sana. Simu ishike wima kifuani, kioo kitazame gari linakotoka, pima katikati ya kila njia, na usisahau pale pembeni watu wanaposubiria, wengi wanapasahau na ndo mtu anapoanzia kuvuka.

Kibali kikitoka niandikie inboksi, jumamosi yoyote nakuja na Hiace ya asubuhi, kazi yangu sitaki hela mnipe nauli tu. Msimwage zege kabla sijafika.

mzee_wa_kosta:

Fundi usipande Hiace, nipigie, nakubeba mimi na ngazi yako.